UZI: Injini ya treni ya modeli (HO) inateleza mlimani, mabehewa 5 tu ndiyo inayopandisha

Mlima_Mau (Nakuru)
Habari zenu wazee. Naweka vipimo kwanza tusipoteze muda. Injini ni dizeli ya HO (modeli iliyo ndogo mara 87 kuliko halisi), bogi mbili (fremu zinazobeba ekseli), ekseli 6 zote zinaendeshwa, haina ringi za mpira kwenye magurudumu, uzito gramu 310. Mabehewa ni 12 ya mizigo, urefu sentimita 15, wastani wa gramu 120 kila moja, mengi yana magurudumu ya plastiki. Mwinuko ni asilimia 3 kwa urefu wa mita 3, na katikati yake kuna kona ya nusu duara, nusu kipenyo sentimita 45. Kwenye tambarare inavuta yote 12. Mlimani 5 yanapanda; ukiunganisha la 6, magurudumu yanazunguka papo hapo. Nafikiria kutafuta mota kubwa zaidi. Nianzie wapi?

Kapi_na_Uzi (Kisumu)
Ndugu, mota iache kabisa kwa sasa. Magurudumu yanazunguka, maana yake mota imeyashinda. Kilichokosekana ni mshiko kati ya gurudumu na reli. Mota ikiwa ndiyo dhaifu, ungeona magurudumu yamesimama huku inanguruma na kupata moto.

Nguvu ya kuvuta ni uzito ulio juu ya magurudumu yanayoendeshwa, mara kiwango cha mshiko. Gurudumu la chuma safi juu ya reli ya nikeli-silva hukupa karibu asilimia 20, wakati mwingine 25 kila kitu kikiwa safi. (Nikeli-silva haina fedha ndani, ni shaba, nikeli na zinki.) Kwako: 310 × 0.20 = gramu 62 za mvuto. Hiyo ndiyo akiba yote uliyo nayo. Sasa tazama inavyoliwa.

Mwinuko wa asilimia 3 hula asilimia 3 ya uzito wa kila kitu kinachopanda, injini yenyewe ikiwemo. Injini inajipandisha kwa gramu 9.3. Zinabaki 52.7. Kila behewa lina mzigo wa aina tatu: kuburuta kwa ekseli zake, ambako kwa magurudumu ya plastiki machafu nakadiria asilimia 3, mlima, asilimia 3, na kona. Kwa kona wajenzi wengi hutumia kanuni ya haraka: gawanya 81 kwa nusu kipenyo cha sentimita, unapata asilimia ya mwinuko wa ziada. 81 ÷ 45 = 1.8. Jumla asilimia 7.8 ya gramu 120, yaani gramu 9.4 kwa behewa. 52.7 ÷ 9.4 = 5.6. Mabehewa matano, la sita linakataa. Injini yako haina ugonjwa wowote, inafanya kile hesabu inachosema.

Fundi_Balansi (Eldoret)
Hapo juu pamesemwa yote kuhusu sababu. Nyongeza yangu moja: mlima wa asilimia 3 ni mkali kuliko reli halisi ya huku kwetu. Njia ya kutoka Nakuru kupanda Mau kwenda Kisumu ilijengwa kwa mwinuko wa juu wa asilimia 2, na injini za mvuke zilitokwa jasho pale. Sisi tunajibana kwenye chumba cha futi 10 halafu tunaishangaa injini ya plastiki.

Msasa_Tu (Kakamega)
Chukua msasa namba 400, kwaruza magurudumu kidogo yapate meno. Yatashika.

Kapi_na_Uzi (Kisumu)
Hapana kaka, hilo usimfundishe mtu. Mikwaruzo haiongezi mshiko wa maana kwenye chuma laini. Inaongeza mahali pa uchafu kukaa. Vumbi na mafuta vinajaa kwenye mikwaruzo, cheche ndogo za umeme zinavichoma vikawa utando mweusi mgumu, na baada ya wiki chache injini inakohoa kwenye kila kiungo cha reli. Hata zile raba za kusafishia reli zina chembe za kukwaruza, tumia kwa nadra. Kwa Nakuru ndiyo kabisa. Vumbi la huko si geni kwa mtu, na lile jeupe la upande wa Gilgil na Kariandusi ni diatomaiti, linakwaruza lenyewe bila kusaidiwa.

Safisha hivi: kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, kilowe spiriti ya isopropili (uliza duka la dawa, chagua ya asilimia 90 kwenda juu kama ipo). Kitandaze juu ya reli, weka bogi moja juu ya kitambaa na nyingine kwenye reli tupu ipate umeme, washa, shika injini kwa mkono ili magurudumu yajifute yenyewe. Sekunde 20, sogeza kitambaa mahali pasafi, rudia mpaka mistari myeusi iishe. Geuza injini, fanya bogi ya pili.

Mlima_Mau (Nakuru)
Na mafuta ya taa? Hapa ndiyo rahisi kupatikana.

Dada_Ekseli (Kisumu)
Yanaondoa uchafu vizuri lakini huacha utando mwembamba wa mafuta. Umeme utapita, mshiko utapungua. Mtu asiye na mlima anaweza kuyatumia akafuta kwa kitambaa kikavu. Wewe una asilimia 3, achana nayo. Penseli ya grafaiti iliyopakwa juu ya reli ni vivyo hivyo: nzuri kwa umeme, mbaya kwa mlima ukizidisha.

Kabla hujagusa injini, lakini, anza na mabehewa. Hapo ndipo kuna mvuto wa bure. Ubao wa mita 1 wenye reli moja iliyonyooka, weka behewa, inua ncha moja polepole. Pima urefu wa kuinuka pale behewa linapoanza kutembea na kuendelea bila kusukumwa. Milimita 10 ni asilimia 1, milimita 30 ni asilimia 3. Fanya kwa yote 12, andika namba chini ya kila moja kwa penseli. Utashangaa, mara nyingi mawili au matatu ndiyo yanayokula nguvu ya yote.

La asilimia zaidi ya 2 litoe ekseli. Mambo ya kutazama ni haya: nywele na nyuzi za zulia zilizojisokota kwenye ekseli, ncha za ekseli zilizopinda au kupata butu, tundu la bogi lililojaa grisi ya kale iliyoshika vumbi, bogi iliyokazwa skrubu mpaka haizunguki, na hii kwenye kona ni adui mkubwa. Skrubu moja ya bogi iachie itikisike upande kwa upande, ya pili izunguke tu bila kutikisika. Kisha pima umbali wa ndani kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja: HO iwe karibu milimita 14.4. Pakiwa pembamba au papana, kingo za gurudumu zinasugua reli kila mita ya kona.

Magurudumu ya plastiki badilisha yawe ya chuma yenye ncha kali. Kwenye tundu la plastiki usitie mafuta ya cherehani. Unga kidogo wa grafaiti unatosha, au usitie kitu. Behewa zuri hutembea kwenye asilimia 1 hadi 1.5.

Kapi_na_Uzi (Kisumu)
Nitie namba za Dada_Ekseli kwenye hesabu. Kuburuta kukishuka kutoka 3 hadi 1.5, behewa linahitaji asilimia 6.3, gramu 7.6. 52.7 ÷ 7.6 = 6.9. Umepata behewa moja, la pili karibu. Injini haijafunguliwa hata skrubu.

Fundi_Balansi (Eldoret)
Kapi, hesabu yako inachukulia kwamba treni nzima iko kwenye kona. Nusu duara ya sentimita 45 ina urefu wa mita 1.41. Mabehewa 6 pamoja na vifungio ni kama mita 1, sawa, yote yanaingia. Lakini treni ya 12 ni mita 2 hivi, kwa hiyo yanayokunjwa kwa wakati mmoja ni 8 tu. Hapo unamdai gramu 8 au 9 ambazo hazidaiwi.

Kapi_na_Uzi (Kisumu)
Kweli, nimekubali. Ni behewa moja na kitu.

Mlima_Mau (Nakuru)
Asanteni. Sasa uzito. Nikitia gramu 90 ziwe 400, kuna hatari gani? Na nitajuaje mvuto halisi badala ya kukadiria asilimia 20?

Kapi_na_Uzi (Kisumu)
Kupima mvuto: mizani ya jikoni ya dijitali, kapi ndogo inayozunguka kwa wepesi, na uzi. Weka kitu cha gramu 200 juu ya mizani, kifunge uzi, upitishe juu ya kapi iliyo ukingoni mwa meza, ulete mpaka kwenye kifungio cha injini. Uzi uwe mlalo kabisa na kwa kimo cha kifungio. Ukielekea juu unainua injini, ukielekea chini unaikandamiza, na namba inakudanganya. Endesha injini mbali na kapi polepole mpaka iteleze. Mizani ikishuka kutoka 200 hadi 138, mvuto ni gramu 62. Soma mara tatu, chukua ya katikati.

Hatari ya uzito iko kwenye mota na gia. Sheria ni hii: magurudumu lazima yateleze kabla mota haijakwama. Kule kuteleza ndiko fyuzi ya injini yako. Ukiijaza madini ya risasi mpaka haiwezi kuteleza, siku behewa likianguka na kukwama, mota ndiyo itakayosimama ikiwa na umeme wote ndani, itaungua.

Unganisha multimita kwa mfululizo kwenye waya mmoja wa reli, tundu la ampia 10, mkondo wa moja kwa moja, volti 12. Soma mara tatu: injini ikitembea tupu, injini ikiwa imezuiwa na magurudumu yanateleza, halafu ikandamize kwa kidole mpaka magurudumu yasimame, sekunde 1 tu, uachie. Namba ya pili ikiwa chini ya nusu ya namba ya tatu, una nafasi. Kama unatumia dekoda (kile kisakiti cha kuongoza injini kidijitali), kumbuka nyingi za HO zimeandikwa ampia 1 ya kudumu. Namba ya tatu ikizidi uwezo wa dekoda, jaribio la tatu fanya bila dekoda.

Mlima_Mau (Nakuru)
Tupu 0.09. Kuteleza 0.34. Kukwama 0.95. Haina dekoda.

Kapi_na_Uzi (Kisumu)
Safi sana. Sehemu ya mzigo ni 0.34 − 0.09 = 0.25. Uzito ukipanda kutoka 310 hadi 400, sehemu hiyo inapanda kwa kiwango kilekile, inakuwa kama 0.32. Kuteleza kutakuwa karibu 0.41, bado chini ya nusu ya 0.95. Gramu 90 zinaingia. Zaidi ya hapo sikushauri. Baada ya kuweka, iendeshe dakika 10 na mzigo mlimani kisha gusa mota: ikiwa huwezi kuweka kidole, umezidisha.

Chubwi (Kisumu)
Kuhusu uzito wenyewe. Risasi ni gramu 11.3 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma 7.9, shaba nyeupe kama 8.5. Gramu 90 za risasi zinakaa kwenye sentimita za ujazo 8, za chuma zinataka 11 na nusu. Ndani ya HO tofauti hiyo ndiyo inaamua kama bodi itafunga.

Pa kupata: karakana za tairi zina vile vizito vya kubandika vya kusawazishia magurudumu ya gari, vipande vya gramu 5 na 10 kwenye ukanda mmoja. Vya siku hizi vingi ni chuma, jaribu kwa sumaku. Ikinata si risasi. Kwa walio Kisumu, maduka ya zana za uvuvi yana chubwi za nyavu, zile zenye tundu. Zigonge na nyundo juu ya chuma bapa, risasi ni laini, zinalala vizuri.

Betri kuukuu ya gari usiguse kabisa. Risasi ya ndani imeshiba asidi na vumbi lake ni sumu. Mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa unajulikana ulivyoumia kwa sumu ya risasi. Hata risasi safi: glavu, usiipige tupa wala msasa, usiyeyushe jikoni, nawa kabla ya kula, watoto mbali.

Na hili ndilo linalowaharibia watu modeli: usibandike risasi kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ile hutoa asidi kidogo, na kwenye nafasi iliyofungwa risasi inageuka polepole kuwa unga mweupe unaovimba. Baada ya miaka michache bodi inapasuka kutoka ndani. Tumia epoksi ya sehemu mbili, au supa glu. Kwa hewa ya ziwa ningepaka rangi risasi kwanza, pande zote.

Dada_Ekseli (Kisumu)
Na uzito uwekwe mahali pake. Lalisha penseli mezani, weka injini juu yake kwa mkingamo, itafute pale inapokaa bila kuinama. Kwa yenye bogi mbili, pahali hapo pawe katikati kabisa ya bogi. Mota nyingi ziko katikati, kwa hiyo utajaza sawa mbele na nyuma, 45 na 45. Ukirundika zote kwenye kabini, gia za bogi ya upande huo zinabeba karibu kazi yote, na bogi nyepesi haikamati reli vizuri. Risasi isiguse mhimili unaotoka kwenye mota, wala flaiwili (gurudumu zito la mota), wala ncha za shaba zenye umeme. Weka mkanda wa kuhami chini yake.

Kwa injini za mvuke hesabu ni tofauti kidogo. Uzito unaohesabiwa ni ule wa magurudumu makubwa tu. Yale madogo ya mbele na nyuma yakiwa na springi ngumu, yanainua injini na kukuibia mshiko. Springi iwe laini ya kutosha kuliweka gurudumu kwenye reli, basi. Kitovu cha uzito kiwe juu ya katikati ya magurudumu makubwa.

Reli_ya_Mita (Nakuru)
Kwa injini za mvuke, Garratt, zile ndefu zenye seti mbili za magurudumu makubwa, zilipunguza tatizo hilo kwa ukubwa halisi. Daraja la 59 za reli ya Afrika Mashariki, zilizojengwa na Beyer, Peacock kule Manchester miaka ya 1955 na 1956, zina ekseli 8 zinazoendeshwa, kila moja kama tani 21, na nguvu ya kuvuta ya pauni 83,350. Ukigawanya unapata karibu asilimia 22 ya uzito ule. Namba ileile ya meza yako, Mlima. Mbili bado zipo Makumbusho ya Reli Nairobi, atakaye akazihesabie magurudumu. Zenyewe zilifanya kazi Mombasa hadi Nairobi, kwa hiyo mwenye kujenga Mau asiziweke huko. Ekseli zilikuwa nzito mno kwa reli nyepesi za kuja magharibi.

Msasa_Tu (Kakamega)
Na sumaku? Nimeona watu wanaweka sumaku chini ya injini.

Kapi_na_Uzi (Kisumu)
Hiyo ni halali kabisa. Tri-ang wa Uingereza waliuza injini zenye sumaku tangu miaka ya 1960, wakaziita Magnadhesion, lakini reli zao zilikuwa za chuma. Nikeli-silva haivutwi na sumaku, kwa hiyo leo unatandika ukanda mwembamba wa chuma chini ya reli sehemu ya mlima tu, na sumaku ndogo za neodimiamu chini ya injini. DCC Concepts wanauza mfumo kamili, Powerbase. Ukanda wa bati la kuezekea unafanya kazi pia ila ni mwembamba, weka tabaka mbili. Uzuri wake: gia zinabeba mzigo huo mlimani tu, si tambarare. Ubaya: kila msumari wa reli uliolegea unapanda juu ya sumaku na kuingia kwenye gia. Pia inapita karibu na vihisio vya sumaku na kuviwasha. Kipimo cha ampia kirudie ukiwa juu ya ukanda, si mezani.

Mlima_Mau (Nakuru)
Nafasi ninayo ya kupanua kona iwe sentimita 75. Inafaa kuliko kupunguza mlima?

Fundi_Balansi (Eldoret)
81 ÷ 75 = 1.1. Umeokoa asilimia 0.7. Kupunguza mlima kutoka 3 hadi 2.5 kunaokoa 0.5 lakini kwa treni yote, na kwa injini pia. Ukiweza fanya vyote. Gramu 400: mvuto 80, injini inajipandisha kwa 10, zinabaki 70. Behewa 1.5 + 2.5 + 1.1 = 5.1, gramu 6.1. Yanapanda 11. Nusu duara ya 75 ina mita 2.36, treni yote inaingia kwenye kona, kwa hiyo la 12 linataka mshiko uzidi kidogo asilimia 20.

Ila mwanzo wa mlima usiukunje ghafla. Kutoka 0 hadi 2.5 ipe angalau sentimita 40 za kupinda taratibu, la sivyo injini ya ekseli 6 inabaki imening'inia kwenye ekseli za mwisho na kupoteza mshiko palepale inapouhitaji.

Mlima_Mau (Nakuru)
Jambo la mwisho limenichanganya. Juu kabisa mlimani, na mabehewa 4 tu, injini inapunguza kasi bila kuteleza. Chini haifanyi hivyo.

Chubwi (Kisumu)
Huo si mvuto, ni umeme. Pima volti kwenye reli pale juu injini ikiwa inavuta, si ikiwa imesimama. Chini 12, juu 9? Basi viungo vya reli vimeota kutu ya kijani. Usitegemee viungo kupeleka umeme mita 3. Pitisha waya mkuu wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumba, chini ya meza, na kila mita 1 panda na waya mwembamba wa 0.5 uliochomelewa kwa lehemu kwenye reli.

Dada_Ekseli (Kisumu)
Volti zikiwa sawa juu na chini, fungua bogi utazame gia. Gia ya ekseli iliyopata ufa hutoa mlio wa ko, ko, ko kila mzunguko, na jino moja linaonekana limepanuka kuliko mengine. Hakuna gundi inayoishika, badilisha. Grisi iwe ya aina isiyokula plastiki, ukubwa wa kichwa cha kiberiti kwa gia zote za bogi moja. Ikizidi inatupwa mpaka kwenye magurudumu, na kazi yote ya spiriti imepotea.

Mlima_Mau (Nakuru)
Sawa. Na kama la 12 likikataa, ringi za mpira au injini ya pili nyuma?

Kapi_na_Uzi (Kisumu)
Ya kusukuma nyuma kwenye kona, mabehewa mepesi yatakunjika na kuruka reli. Weka ya pili mbele, ziunganishwe. Zikimbize tupu kwenye duara kwanza. Tofauti ya kasi isizidi kama sehemu moja ya kumi, la sivyo moja inaiburuta nyingine. Wenye dekoda warekebishe CV (namba za mipangilio ya dekoda) 2, 5 na 6 mpaka kasi zilingane.

Ringi ni nafuu zaidi, lakini kila gurudumu lenye ringi halichukui umeme, na mbili kati ya 12 haziongezi miujiza. Lazima gurudumu liwe na mfereji. Nunua ekseli yenye mfereji ya injini hiyo hiyo. Gurudumu moja kwa kila bogi, pande tofauti. Ringi usiipime kwa kipenyo cha nje cha gurudumu. Pima chini ya mfereji, chukua ringi iliyo ndogo kwa sehemu moja ya kumi, futa mfereji kwa spiriti, na ekseli usitie mafuta siku hiyo. Mpira ukinywa mafuta unavimba na kuchomoka.

Mlima_Mau (Nakuru)
Mfereji una milimita 9.6. Natafuta ya 8.6 basi.

Kapi_na_Uzi (Kisumu)
Hiyo hiyo. Upana usipimwe kwa macho, ikitokeza juu ya mfereji pembeni itasugua reli za takwimu, namaanisha za kubadilishia njia. Simu inasahihisha maneno yenyewe.